Tukio Lina Mwanzo na Mwisho: Usanifu wa Tahadhari za Maunzi katika OpenBMC

Ndani ya seva nyingi za leo mna kompyuta nyingine ndogo, BMC, ambayo hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Hupima joto, volti na mwendo wa feni, huwasha na kuzima mtambo, na hutoa taarifa kifaa kinapoharibika. Kwa muda mrefu programu dhibiti yake ilikuwa siri ya mtengenezaji. OpenBMC, mradi wa programu huria ulioingia chini ya Linux Foundation mwaka 2018 kwa kuungwa mkono na Facebook, Google, IBM, Intel na Microsoft, umeliweka hadharani swali la usanifu lililokuwa likiamuliwa faraghani: kihisi kikivuka kikomo chake, programu dhibiti iseme nini? Ninashikilia kwamba itangaze hali, yenye mwanzo, mwisho na chanzo, badala ya kumwaga taarifa ya kila badiliko. Na kwamba maana ya hali hiyo iamuliwe ndani ya seva, si katika programu ya mbali inayokusanya taarifa.

Urithi tulionao ni mzito. Itifaki ya IPMI, iliyotolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC, huandika kila tukio kwa baiti 16, na kati ya hizo ni 3 tu zinazobeba undani wa tukio. Redfish, kiwango kilichotolewa na DMTF mwaka 2015, kilileta nafuu kubwa: ujumbe wenye kitambulisho, uzito na vigezo vyake, ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Lakini ndani ya OpenBMC zilikua njia mbili za kuufikia. Moja huunda kitu cha kosa kwenye D-Bus, njia ya mawasiliano kati ya programu, kupitia huduma ya phosphor-logging. Nyingine huandika mstari katika jarida la mfumo, kisha rsyslog huuhamishia kwenye faili ambalo seva ya wavuti ya bmcweb hulisoma. Hitilafu ileile, kwenye mbao mbili tofauti, iliweza kuonekana kwa sura mbili. Pendekezo la mwaka 2024 la kufafanua matukio kwanza katika faili za YAML, kisha kuzalisha humo msimbo wa C++ na sajili za Redfish, naliunga mkono bila kusita. Ufafanuzi unakuwa mkataba unaosomwa na kupingwa kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa.

Mkataba wa maneno, hata hivyo, hautoshi. Chukua feni inayosoma mizunguko sifuri. Seva ikiwa inafanya kazi, hiyo ni hatari. Ikiwa imezimwa, ndivyo inavyotakiwa kuwa. BMC inaijua tofauti hiyo papo hapo, na ndiyo sababu usanidi wa vihisi katika OpenBMC huruhusu kutaja kwamba kihisi fulani kihukumiwe tu umeme wa seva ukiwa umewaka. Programu iliyo mbali italazimika kuibahatisha kwa kulinganisha taarifa zinazochelewa. Ndivyo ilivyo pia kwa joto linaloyumba juu na chini ya nyuzi 85: bila nafasi ya kurudi nyuma, tuseme nyuzi 2, kabla tahadhari haijafutwa, kihisi kimoja kitatoa mamia ya matukio kuhusu jambo moja.

Wapo wanaosema BMC ni dhaifu, na kwamba itume kila kitu ghafi ili kituo cha data kichuje. Nauelewa wasiwasi wao kuhusu kufungia sera ndani ya programu dhibiti. Lakini wanachanganya sera na maana. Kuamua nani aamshwe usiku, au seva iondolewe kazini lini, ni sera, na mahali pake ni kwa mwendeshaji. Kusema kwamba pawasaplai imekufa, na kwamba vipimo kumi vya volti vilivyoshuka baada yake ni matokeo ya kifo hicho, ni maana. Na anayejua mpangilio wa nyaya za ubao ni programu dhibiti yake. Gharama ya kukosa maana hiyo inajulikana hata nje ya kompyuta. Katika mlipuko wa kiwanda cha mafuta cha Texaco kule Milford Haven, Wales, mwaka 1994, waendeshaji wawili walikabiliwa na kengele 275 katika dakika 11 za mwisho. Taarifa zilikuwapo. Walichokosa ni mpangilio wa kuzielewa.

Hoja hii inagusa hata uhifadhi. Kwa mpangilio wa kawaida, phosphor-logging hutunza makosa 200, na kikomo kikijaa huliondoa la zamani zaidi. Katika hitilafu inayoporomosha nyingine, la zamani zaidi mara nyingi ndilo chanzo, kwa hiyo tunafuta ushahidi tunaouhitaji. Ingekuwa bora marudio yakusanywe katika ingizo moja lenye hesabu na saa ya mara ya mwisho, na ingizo la kwanza la kila hali lilindwe mpaka hali yenyewe ifungwe. Saa nayo isiaminiwe kupita kiasi: ubao usio na betri ya saa huweza kuamka ukidhani ni mwaka 1970, hivyo kila ingizo libebe pia namba ya uwashaji na muda uliopita tangu uwashaji huo.

Linabaki suala la nani aifunge hali. Redfish ina sifa ya Resolved katika ingizo la daftari la matukio, na ni rahisi kudhani kwamba programu dhibiti ndiyo iiweke siku zote. Kwa joto, sawa: aliyefungua na afunge. Kwa kipande cha memori kilichotoa makosa yasiyorekebishika, ukimya baada ya kuwasha upya hauthibitishi chochote, na kuifunga hali hiyo kimyakimya ni kumdanganya fundi. Hapo hali ibaki wazi mpaka kipande kibadilishwe au mtu aikubali kwa mkono, na sharti hilo liandikwe katika YAML ya tukio lenyewe, kando ya uzito wake.