Mkondo, Volteji na Nguvu

Neno umeme lilikuwa jina la mmweko wa radi kabla halijapewa kazi ya kuwasha taa. Mkondo nao ulikuwa wa maji, na Wachagga wa miteremko ya Kilimanjaro, kwa mifereji yao iitwayo mifongo, waliujua vyema kabla waya haujafika Moshi. Kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu kilipojengwa katika miaka ya 1960, maji ya mlima yakazalisha umeme, na maana hizo mbili zikakutana.

Volteji, neno lenye asili katika jina la Mwitalia Alessandro Volta, halikupata mwenzi kama huyo. Wengi husema tu "nguvu ya umeme". Mfongo watufundisha kutofautisha: kimo cha mteremko ni volteji, wingi wa maji yapitayo ni mkondo, na nguvu ni zao la hivyo viwili.

Tumfikirie mfasiri wa maelekezo ya kuharakisha kadi ya michoro ya kompyuta. Akiandika "ongeza nguvu", fundi ataongeza kipi: wati au volti? Volteji ikizidi kwa asilimia 10, joto linalozalishwa huzidi kwa takriban asilimia 21, hata kasi isipobadilika. Ndiyo maana hupandishwa kasi kwanza, kidogo kidogo, huku joto likipimwa. Madoa yakitokea kwenye skrini, kasi hushushwa.

Yafaa basi kila dhana ibaki na istilahi yake. Neno moja likibeba dhana mbili, kitakachoungua ni chombo cha msomaji.