Jicho kwa Jicho: Amri Iliyokuja Kuzuia Kisasi

Kila ninapofundisha historia ya sheria, wanafunzi huitaja kanuni ya jicho kwa jicho kama kielelezo cha ukatili wa watu wa kale. Mimi naisoma kinyume. Mantiki ya amri huonekana pale tunapouliza ilikuja kuzuia nini.

Pasipo polisi wala magereza, aliyeumizwa aliutegemea ukoo wake. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja Lameki, aliyejigamba kumuua mtu kwa sababu ya jeraha tu. Katika mazingira hayo, kudai jicho moja kwa jicho moja ni kuweka kikomo: usitwae uhai kwa jeraha.

Kikomo hicho hakikuwa sawa kwa wote. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, jicho la muungwana lililipwa kwa jicho. La mtu wa tabaka la chini, kwa mina moja ya fedha. La mtumwa, kwa nusu ya thamani yake, aliyolipwa bwana wake. Nyumba ikiporomoka na kumuua mtoto wa mwenye nyumba, aliyeuawa ni mtoto wa fundi.

Torati haikuufuta utumwa, lakini Kutoka sura ya 21 inaagiza mtumwa aliyeharibiwa jicho na bwana wake aachwe huru, na Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la mzazi. Kurani, katika Al-Maida aya ya 45, inaitaja kanuni hiyohiyo, kisha inaufanya msamaha kuwa kafara kwa anayesamehe.

Sasa tujitazame. Mitaani kwetu, kijana anayetuhumiwa kuiba simu hupigwa na kuchomwa moto, nasi huwaita wauaji wake "wananchi wenye hasira kali". Kutoka sura ya 22 inamtaka mwizi aliyekutwa na mali alipe mara mbili. Kwa kipimo cha amri tunayoiita katili, sisi tumerudi kwa Lameki.

Amri hiyo ilidai pia mwamuzi anayeaminika. Mtumishi wa umma anayeuza haki kituoni au mahakamani humwondoa mwamuzi huyo, na hapo kisasi hukosa mpaka. Tukitaka moto uzimwe mtaani, tuanzie mezani kwake.