Habari Isiyosubiri Jibu: David Bowie kutoka Hérouville hadi Mombasa

Mnamo Januari 1977 ilitoka santuri ya David Bowie iitwayo Low. Mwimbaji aliyezoeleka kwa nyimbo za kuchezeka, na kwa kubadili sura kama abadiliye mavazi, safari hii alikaribia kunyamaza kwa nusu nzima ya kazi yake. Upande wa pili una vipande vinne vya taratibu vilivyojengwa kwa vinanda vya umeme, na sauti ya mtu, pale inapotokea, ni ala tu miongoni mwa ala.

Kisa chake kinajulikana. Los Angeles ilikuwa imemdhoofisha kwa kokeini. Akahamia Ulaya, akarekodi sehemu kubwa ya Low mwaka 1976 katika jumba la Château d'Hérouville, Ufaransa, na kuimalizia katika studio ya Hansa, Berlin Magharibi, karibu na ukuta. Wengi humtaja Brian Eno kana kwamba ndiye mkunga pekee wa kuzaliwa huku upya. Eno alikuwapo, na sinthesaiza yake iliyofungwa ndani ya mkoba. Lakini ni Tony Visconti aliyeleta Harmonizer, mtambo wa kubadili kimo cha sauti, ulioifanya ngoma ya Dennis Davis ididimie kila ilipopigwa. Davis, Carlos Alomar na George Murray, watu wa muziki wa soul wa Marekani, ndio waliobeba mdundo. Masimulizi ya Berlin huwasahau upesi mno.

Kinachonishughulisha mimi ni lugha. Katika "Warszawa" Bowie anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, aliyoyabuni akivutiwa na rekodi ya kwaya ya nyimbo za jadi za Poland. Naiheshimu hatua hiyo: mtu aliyetajirika kwa maneno anakiri kwamba hapo hana neno, na wala hamkopi mtu.

Miaka miwili baadaye, katika Lodger, mambo yanageuka. Bowie alikuwa amezuru Kenya, na alisimulia kuwa Mombasa aliwakuta marubani wa Kijerumani wakilewa baa. Humo ndimo ulimotoka wimbo "African Night Flight". Maneno yanakimbizana, chini yake kuna milio ya kielektroniki mfano wa nyenje, ambayo jalada linamhesabia Eno kama ala yake. Katikati ya zogo hilo yanapita maneno machache ya Kiswahili, ya kushukuru na ya kujuliana hali.

Niliusikia mara ya kwanza nikisomea uzamivu ughaibuni, chumbani kwa rafiki. Nilicheka. Kisha nikaomba aurudie, na mara ya pili sikucheka. Maneno yetu yalikuwa yamewekwa pale palipowekwa yale ya "Warszawa", yaani mahali pa sauti isiyotarajiwa kueleweka. Tofauti ni kwamba haya yana wenyewe. Kwetu kumjulia mtu hali ni kufungua mlango, nawe husimama ukasubiri; pale mlango unafunguliwa na aliyebisha amekwisha pita.

Rafiki yangu alimtetea, na utetezi wake si wa kupuuzwa. Msimulizi wa wimbo ni mgeni aliyepotea, asiyejua zaidi ya maneno ya hotelini. Kiswahili kibovu ndicho kinachomfaa. Nakubali nusu. Nusu ya pili inanikwama kwa sababu nimelelewa na taarabu, ambamo magitaa ya umeme na vinanda viliingia bila msikilizaji kuacha kulisubiri neno. Majaribio ya ala hayakuhitaji kulifanya neno kuwa kelele.

Siku hizi huwasikilizisha wanafunzi nyimbo hizi mbili, moja baada ya nyingine, na hoja yangu nikiwa nimeiandaa. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyezaliwa ughaibuni, ambaye nyanya yake ni wa Mombasa, alibaki darasani wenzake walipotoka. Alisema kwamba maneno yale ya Bowie alikuwa ameyaelewa yote, na kwamba Kiswahili chake chote hakizidi hapo.