Utambuzi wa viwavijeshi

Viwavijeshi ni lava wa nondo kadhaa wa jenasi Spodoptera katika familia Noctuidae. Katika mashamba ya mahindi ya Afrika ya Mashariki spishi mbili huchanganywa mara kwa mara: kiwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta), ambaye ni mwenyeji, na kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), mwenye asili ya Amerika, aliyeripotiwa barani Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017. Wakulima wengi huwaita wote "viwavijeshi" tu, jambo linalozidisha mkanganyiko.

Nondo

Nondo wote wawili ni wa kijivu-kahawia na mabawa yao ya nyuma ni meupe. Dume wa vamizi ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, lakini jike hana alama ya wazi. Mtego wa feromoni peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa chambo cha vamizi huvuta pia nondo wengine, hasa Leucania loreyi, na magamba ya mabawa hupukutika mtegoni. Penye shaka, wataalamu huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini au hupima ADN.

Lava

Lava aliyekomaa ni rahisi zaidi kumtambua. Vamizi ana alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa kichwani. Hata hivyo alama hiyo haitoshi, kwani exempta naye huweza kuwa na inayofanana nayo. Alama ya kuaminika zaidi ni madoa manne meusi yaliyoinuka, yaliyopangwa kama pembe za mraba kwenye pingili ya nane ya fumbatio, karibu na mwisho wa mwili. Lava wachanga hawaonyeshi alama hizi vizuri.

Rangi hudanganya. Exempta wanaosongamana huwa weusi kama mahameli, wenye mistari myembamba. Wakiwa wachache, spishi hiyohiyo huwa ya kijani au kahawia.

Dalili shambani

Exempta hula wazi juu ya majani na huhama kwa makundi makubwa. Chakula chake ni nyasi na nafaka, hivyo maharagwe yaliyo kando ya mahindi husalimika. Vamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao. Kwa kuwa lava wake hulana, kwa kawaida hubaki mmoja au wawili wakubwa kwa mmea. Bungua wa mabua (Busseola fusca) naye huanzia kwenye moyo, lakini baadaye hutoboa bua. Ni wa waridi iliyofifia na hana mraba wa madoa.

Kosa la utambuzi lina gharama. Virusi vya SpexNPV, vilivyojaribiwa Tanzania, hulenga exempta. Dawa inayopuliziwa juu ya majani humpata exempta, ila vamizi mkubwa aliyezibwa na kinyesi chake ndani ya moyo haifikiwi kwa urahisi. Huyo hudhibitiwa angali mdogo, na dawa huelekezwa ndani ya moyo wa mmea.