Lalibela kwa Macho ya Mtu wa Ikuti

Huku kwetu Ikuti, wilayani Rungwe, Tanzania, jiwe halihesabiwi kuwa mali. Ukilima viazi unaliokota na kulitupa mpakani mwa shamba. Mengine ni meusi na mazito, mengine ni mekundu kama tofali lililoiva, yamejaa matundu kama mkate. Yapo mepesi mno, ukiyatupa majini yanaelea, na watoto hushindana nayo mtoni. Akina mama huchagua yale makavu wakasugulia visigino. Wote tunajua yalikotoka. Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960 kutoka usawa wa bahari, ni volkano. Ngozi, yenye ziwa tumboni, ni volkano. Kyejo nayo ilitapika kwa mara ya mwisho kiasi cha miaka 200 tu iliyopita. Tunalima juu ya moto uliopoa.

Kwa hiyo nilipofika Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa kanisa la Bete Medhane Alem, sikukumbuka kwanza hadithi za wafalme na malaika ambazo mwenyeji wangu alikuwa ameshaanza kunisimulia. Nilikumbuka shamba la mama. Ukuta ule ni mwekundu, una vitundu vile vile, unakwaruza ngozi vile vile. Ni jiwe la volkano. Tofauti ni kwamba kule Lalibela watu walilitazama jiwe hilo wakaona nyumba ya Mungu imejificha ndani yake, wakaanza kuitoa.

Nasema "kuitoa" kwa makusudi. Fundi tuliyemzoea huanza na msingi akapanda hadi kwenye paa. Mafundi wa Lalibela walianza na paa. Walichagua mgongo wa mwamba, wakachimba handaki kuuzunguka pande zote mpaka likabaki bonge moja limesimama katikati ya shimo. Wakalichonga bonge hilo kwa nje kutoka juu kushuka chini, wakaacha kingo, madirisha, milango na ngazi. Kisha wakapenya ndani na kuanza kuchimba utupu, huku wakiacha jiwe pale tu ilipotakiwa nguzo au tao. Kifusi chote cha ndani kilipaswa kupita kwenye matundu yale yale ya milango na madirisha. Hadi leo alama za tindo zinaonekana ukutani, mstari kando ya mstari, kama za jembe kwenye tuta.

Sasa fikiri kosa lingegharimu nini. Fundi wa matofali akikosea hubomoa kozi mbili akarudia. Huyu wa mwamba, akiikata nguzo kupita kiasi, hana pa kupata nguzo nyingine. Ilimlazimu kuliona kanisa zima kichwani, nguzo zote na matao yote, kabla sururu ya kwanza haijagusa jiwe. Medhane Alem ina urefu wa takriban mita 33 na upana wa mita 23, kimo chake ni zaidi ya mita 11, na ndani zimesimama nguzo 28. Hutajwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote duniani yaliyochongwa katika mwamba mmoja. Nimesimama ndani yake nikitafuta mahali ambapo jiwe limeungwa na jiwe. Sikupaona, isipokuwa kwenye nguzo za nje ambazo baadhi yake zilianguka zikarudishwa.

Makanisa ni 11. Kundi la kaskazini linaongozwa na Medhane Alem na Bete Maryam, na humo ndimo ilimo Bete Golgotha, ambako waumini wanaamini mfalme Lalibela amezikwa na wanawake hawaruhusiwi kuingia. Kundi la mashariki lina Bete Amanuel, Bete Merkorios, Bete Abba Libanos na mengine. Kati ya makundi hayo mawili kuna mfereji uliochongwa mwambani ukaitwa Yordani. La kumi na moja, Bete Giyorgis, limesimama peke yake upande wa magharibi, nami nitalirudia.

Mji huo zamani uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme wa ukoo wa Zagwe aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Husimuliwa kwamba alipozaliwa kundi la nyuki lilimzunguka asidhurike, na mama yake akampa jina lenye maana ya kwamba nyuki wametambua utawala wake. Husimuliwa pia kwamba alichukuliwa mbinguni, akaonyeshwa makanisa na kuagizwa ayachonge duniani, na kwamba watu walifanya kazi mchana, malaika wakaipokea usiku. Abba Libanos, wanasema, ni kazi ya mkewe, Meskel Kibra, aliyesaidiwa na malaika akaimaliza kwa usiku mmoja. Wengine huunganisha kazi hii na kutekwa kwa Yerusalemu na Salah ad-Din mwaka 1187: njia ya hija ilipokuwa ngumu, mfalme aliijenga Yerusalemu nyumbani, yenye Golgotha yake na Yordani yake.

Wataalamu wa mambo ya kale hawakubali kwamba yote 11 yalichongwa katika utawala mmoja. David Phillipson, aliyeichunguza Ethiopia ya kale kwa miaka mingi, amependekeza kwamba baadhi, kama Merkorios na Gabriel-Rufael, yalianza karne kadhaa kabla ya Lalibela, pengine kama ngome au makazi ya wakubwa, yakageuzwa makanisa baadaye. Ukiingia Gabriel-Rufael unaelewa hoja yake: kuta ndefu, shimo refu mbele, na mapito yanayopinda kama ya mahali pa kujihami. Kwangu mimi hoja hiyo haimpunguzii mfalme chochote. Inamwongezea mafundi. Badala ya kizazi kimoja chenye kipaji tunapata vizazi vingi, baba akimwachia mwana tindo na siri ya jiwe.

Kutoka Gabriel-Rufael kuna njia ya chini kwa chini, giza tupu. Mwenyeji wangu, shemasi kijana mwenye shuka jeupe begani, aliniambia nizime tochi. "Mkono mmoja juu, mmoja ukutani, wendime," akasema, yaani ndugu yangu. Juu kwa ajili ya kichwa, ukutani kwa ajili ya njia. Nilihesabu hatua, nikasahau hesabu. Ukuta pale haukwaruzi tena. Umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani, kwa viganja vya mahujaji waliopita gizani karne baada ya karne. Wanasema njia ile ni mfano wa kuzimu, na mwanga mwishoni ni mbingu. Nilipotoka kwenye jua nilikuta bibi mmoja amekaa kizingitini anapumzika, naye akacheka kwa furaha kuniona mgeni nimefika salama.

Mzungu wa kwanza kuyaeleza makanisa haya kwa kirefu ni kasisi wa Kireno, Francisco Álvares, aliyekuwa Ethiopia kuanzia mwaka 1520 hadi 1526. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1540. Humo alieleza kwamba amechoka kuandika zaidi kwa kuwa hataaminiwa, akaapa kwa Mungu kwamba aliyoyaandika ni kweli. Simlaumu. Nami nilipowasimulia watu wa nyumbani nililazimika kutoa picha kwenye simu.

Jambo moja dogo lilinishika kuliko ukubwa wote. Kwenye madirisha ya Lalibela, pembeni, mnatokeza vichwa vya mraba vya jiwe, kama ncha za boriti zilizopita ukutani. Boriti hazipo. Zamani za ufalme wa Aksum, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, majengo yalijengwa kwa mawe yaliyofungwa kwa miti, na ncha za miti zilitokeza nje. Bete Amanuel ina kuta zilizopangwa tabaka ndani na tabaka nje, vile vile kabisa kama ukuta wa mawe na mbao. Mwamba mzima ulichongwa ufanane na mti. Fundi alikuwa huru kufanya lolote, akachagua kukumbuka nyumba ya babu yake.

Nilipolisoma jambo hili baadaye niliona si la Ethiopia peke yake. Huko Ajanta, magharibi mwa India, watawa wa Kibudha walianza kuchonga mahekalu kwenye ukingo wa bonde tangu karne ya 2 kabla ya Kristo, hadi karne ya 5 baada yake. Mapango yao ni kama 30, na mwamba wao nao ni basalti, mtoto wa volkano. Kwenye kumbi zao za ibada dari ina mbavu zilizopinda, zimepangwa kama kenchi za nyumba ya mbao, na ni jiwe tupu. Huko Ellora, si mbali na hapo, Wahindu walilikata hekalu la Kailasa katika karne ya 8 kutoka juu ya mlima kwenda chini, kama Lalibela. Wajenzi wa Afrika na wa Asia, kila mmoja mbele ya lava iliyopoa, walianzia juu na wakaiweka mbao ndani ya jiwe.

Na sisi wa Rungwe? Swali hili lilinisumbua njiani kurudi. Tulikuwa na mwamba wa moto, tulikuwa na chuma kutoka kwa majirani zetu Wakinga walioleta majembe, tulikuwa na watawala na makuhani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1879, alivutiwa mno na usafi na ustadi wa nyumba za mianzi katika nchi ya Wanyakyusa. Kujenga tulijua. Lakini mahali pa sala hatukujenga. Lubaga, ambako Lwembe, shujaa wetu wa kale, alitambikiwa kwa ajili ya mvua na rutuba, palikuwa kichaka cha miti. Alipozikwa malafyale, yaani mtawala, miti iliyopandwa kaburini iliachwa ikue, hakuna aliyekata kuni pale, hakuna aliyelima. Baada ya vizazi kadhaa kaburi likawa msitu mdogo unaoonekana kutoka mbali katikati ya migomba.

Zamani nilifundishwa, na mimi nikaamini, kwamba watu wasio na hekalu la mawe hawana usanifu. Lalibela imeniponya fikra hiyo, jambo ambalo sikulitarajia. Kanisa lile halikujengwa kwa kuongeza. Fundi aliondoa jiwe hadi kikabaki kitakatifu. Wazee wetu waliondoa shoka na jembe, wakaacha mahali pajikuze. Kazi zote mbili zinadai kitu kimoja kigumu: kujua mapema pa kuacha, na kizazi kinachofuata kikubali. Vichaka vingi vya aina hiyo vimekatwa kwa ajili ya mashamba, na navililia kwa namna ambayo ningelililia kanisa.

Hata Lalibela haiko salama. Shirika la UNESCO liliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, ikiwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa. Maji ya mvua yamekuwa yakipenya nyufa, na mwaka 2008 baadhi ya makanisa yalifunikwa kwa mapaa makubwa juu ya nguzo za chuma. Yanakinga, lakini yanatisha. Unatazama juu unaona karakana, unatazama chini unaona karne ya 12. Kisha ikaja vita ya Tigray huko kaskazini, na mwaka 2021 mji ulishikwa na wapiganaji, ukakombolewa, ukashikwa tena. Makasisi hawakuacha kusali.

Bete Giyorgis halina paa la chuma. Nililiacha la mwisho, nikafika pale mchana, mwishoni mwa msimu wa mvua. Ukilikaribia hulioni. Uwanda ni mtupu, halafu ghafla miguuni pako pana shimo la kina cha mita 12 hivi, na ndani yake msalaba mkubwa, juu ya paa lake misalaba mitatu imechongwa mmoja ndani ya mwingine. Madirisha ya chini ni ya kuchongwa tu, hayapitishi mwanga. Yanayofunguka ni ya juu.

Mvua ilianza tukiwa ukingoni. Mimi ni mtu wa Ikuti, mvua naijua, nikamwuliza shemasi kama shimo halitajaa. Hakujibu. Alinielekeza kwa kidevu nitazame. Maji yalijikusanya kwenye mistari ya ile misalaba, yakakimbia hadi kwenye michirizi ya jiwe iliyotokeza ukingoni mwa paa, yakamwagika mbali na ukuta. Chini, sakafu ya shimo ina mteremko usioonekana kwa macho. Maji yakatafuta njia yake mwambani, yakaondoka. Mlangoni, kizee mmoja alikuwa anavaa viatu vyake taratibu, pakavu.