Hatia Inaanza Lini? Watu Watatu wa Kapenguria

Mei 30, 2024, jopo la raia 12 huko New York lilipotamka kwamba Donald Trump ana hatia katika mashtaka yote 34, kijiweni kwetu ubishi haukuwa juu ya kosa. Ulikuwa juu ya tarehe. Mmoja alisema jamaa ni mhalifu tangu dakika ile. Mwingine, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama, akamkatalia katakata: bado, mpaka hakimu asome adhabu. Wa tatu akauliza, na rufaa je? Adhabu ilisomwa Januari 10, 2025, ikawa ni kuachiwa bila masharti yoyote, na siku kumi baadaye mtu huyo akaapishwa kuwa rais. Mimi nilikunywa kahawa yangu kimya. Mawazo yalikuwa yameshanipeleka Kapenguria.

Kwanza lugha yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Magazeti ya Kenya husema mtu "amepatikana na hatia", kana kwamba hatia ilikuwa imejificha mfukoni mwake na mahakama ikaipekua ikaiona. Tanzania tunasema "ametiwa hatiani". Yaani kuna mtu amemtia. Nimesoma habari za kesi ya Kapenguria mara nyingi, na kila nikirudi naona kauli hiyo ya pili ndiyo inayoitosha.

Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 20, 1952, akashtakiwa kuiongoza Mau Mau pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu, ambaye serikali ilimlipa pauni 20,000 juu ya kazi ile. Shahidi mkuu alikuwa Rawson Macharia, aliyeahidiwa kusomeshwa Uingereza. Aprili 8, 1953 wote sita wakatiwa hatiani: miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, naye akashtakiwa kwa kiapo hicho cha pili, si kile cha kwanza, akafungwa. Hebu litafakari hilo kidogo.

Lakini kuna kisa kingine ndani ya kesi hii ambacho hakisimuliwi sana. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta hukumu nzima. Sababu yake ilikuwa ramani: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, na Kapenguria kisheria ilikuwa Jimbo la Bonde la Ufa. Hakimu hakuwa na mamlaka pale alipokaa. Basi kwa muda fulani mwaka ule, Kenyatta hakuwa na hatia yoyote. Je, aliachiwa? Wapi! Alibaki kizuizini hivyo hivyo hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipomrudishia hatia yake. Mwaka 1954 Baraza la Mfalme huko London, lililokuwa ngazi ya mwisho, likakataa kuisikiliza rufaa. Hapo karani wetu angeridhika: milango yote imefungwa, mtu ni mhalifu kamili.

Kifungo kilikwisha 1959, akahamishiwa kizuizini Lodwar, kisha Maralal. Na sheria ya kikoloni ilisema aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka miwili hawezi kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Angalia neno "aliyewahi". Kumaliza kifungo hakukumsafisha mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 99, inakwenda njia nyingine kabisa: kinachomzuia mgombea ni adhabu ya kifungo cha angalau miezi sita inayomkabili wakati wa kujiandikisha au wa kupiga kura, tena haihesabiki mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Kwa kipimo hicho Kenyatta wa 1961 angepita bila shida. Kwa kipimo cha wakati wake, hapana.

KANU ilishinda uchaguzi wa Februari 1961 ikadai kiongozi wake atoke kwanza. Agosti akatoka. Novemba serikali ya Uingereza ikakubali kubadilisha sheria. Kariuki Njiiri, mbunge wa Fort Hall, akamwachia kiti (na huyu, kwa kejeli ya historia, alikuwa mtoto wa chifu aliyesimama na serikali dhidi ya Mau Mau), na Januari 1962 Kenyatta akaingia barazani bila kupingwa. Hukumu ya Thacker haikuguswa. Kilichosogezwa ni mstari wa sheria, mtu akabaki palepale na hatia yake, ila sasa yuko upande wa pili wa mstari.

Sasa mwangalie Oneko. Januari 1954 rufaa yake ilikubaliwa, akaonekana hana hatia. Yeye peke yake kati ya sita. Siku hiyohiyo akawekwa kizuizini, akakaa huko mpaka 1961. Kwa hiyo aliyeshinda rufaa na walioshindwa waliishi maisha yaleyale ya kufungiwa, na nikisema tofauti yao ilikuwa karatasi tu sidhani nakosea. Baada ya uhuru akawa waziri wa habari. Akajiunga na KPU ya Jaramogi, na Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, aliyemtia kizuizini safari hii alikuwa mwenzake wa kizimbani, Rais Kenyatta. Bila mashtaka. Mahakama haikuulizwa.

Na Ngei? Baada ya uchaguzi wa 1974 mahakama ilimkuta na kosa la uchaguzi, kwa vitisho dhidi ya mshindani wake. Akapoteza kiti na kupigwa marufuku miaka mitano. Hapa hapakuwa na Thacker wala mkoloni. Ilikuwa mahakama ya nchi huru. Desemba 1975 Bunge likabadilisha katiba, mbio mbio, ili rais aweze kusamehe makosa ya uchaguzi pia, na rais akamsamehe Ngei. Akagombea tena katika uchaguzi mdogo, akarudi bungeni.

Nimejaribu kumtetea Kenyatta katika hili. Huenda alikumbuka 1961, namna sheria ilivyosogezwa ili yeye apite, akaona si dhambi kumfanyia rafiki. Lakini mwaka 1961 kilichosogezwa kilikuwa hukumu ya kununuliwa, na watu wengi walioipigia kura KANU walidai hivyo waziwazi. Mwaka 1975 aliyedai ni nani?

Mwaka huohuo wa 1975 ndio Oneko alipoachiwa. Hakupewa hati ya msamaha, maana hakuna kosa lililoandikwa popote la kusamehewa. Alirudi bungeni 1992, mbunge wa Rarieda.