Kung'arisha Metali: Istilahi na Kazi Yake kwenye Kishikio cha Wembe

Kung'arisha, katika kazi ya metali, ni kuusugua uso wa kitu kwa unga laini wenye uwezo wa kukwangua, mpaka mikwaruzo iwe midogo kiasi cha kutoonekana kwa macho na mwanga uakisiwe bila kutawanyika. Kila msuguo huondoa metali kidogo. Kusafisha ni jambo jingine: ni kuondoa kile tu kilichoganda juu ya metali, kama vile mafuta, jasho, sabuni na chokaa.

Tofauti hiyo hupotea pale neno polishi linapobebeshwa kazi zote mbili. Katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, iwe Msimbazi au Kongo, mpiga kiwi hufuta vumbi la kiatu, akapaka nta yenye rangi, kisha akaipiga brashi mpaka ing'ae. Seremala naye humalizia kabati kwa vanishi. Wote wawili wanaongeza kitu juu. Basi anayesikia "kupiga polishi" ana kila sababu ya kudhani kwamba kuna kitu kinapakwa na kubaki. Akiipeleka dhana hiyo kwenye metali, atapaka na kusugua kila wiki akiamini anakilinda chombo chake, kumbe anakila. Kwa metali, "kung'arisha kwa kusugua" ni istilahi bora, kwa sababu inataja tendo lenyewe. Polishi libaki kuwa jina la dawa iliyomo kwenye kopo.

Kishikio cha wembe cha zamani kinaonyesha umuhimu wa jambo hili kuliko vyombo vingi vya nyumbani. Mmarekani King Camp Gillette alianza kukiuza mwaka 1903 na kupata hataza mwaka 1904. Kiingereza hukiita chombo chote wembe wa usalama, lakini tafsiri hiyo ya neno kwa neno haifai. Katika Kiswahili cha kila siku wembe ni kile kibapa chembamba chenye makali pande mbili, kinachouzwa kikiwa ndani ya karatasi; fundi cherehani hukitumia kufumua nyuzi, na mwanafunzi kuchonga penseli. Wembe huo hutumika na kutupwa. Kinachodumu miaka hamsini au zaidi, na ndicho kinachosafishwa, ni kishikio: mpini, bamba la chini na kifuniko. Kukiita "mashine ya kunyolea" nako kunachanganya siku hizi, kwani katika saluni mashine ni ile ya umeme.

Vishikio vingi vya zamani ni vya shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, iliyofunikwa kwa utando wa nikeli ambao unene wake hupimwa kwa mikroni. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi ndiyo inayotoa taarifa: nikeli nzima ni nyeupe yenye dokezo hafifu tu la unjano, na pale kingo za kifuniko zinapoonyesha unjano kamili, utando umekwisha na shaba imetokeza.

Kazi huanza kwa kutoa wembe na kufungua sehemu zote. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini hutosha kwa uchafu mwingi, hasa ule unaojificha kwenye nyuzi za parafujo. Maji ya visima vya Dar es Salaam mara nyingi huwa na chumvi na chokaa. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni huacha ukoko mweupe kwenye kona za bamba. Ukoko huo hulainishwa kwa siki iliyozimuliwa, kwa dakika chache tu, kwa kuwa asidi hula shaba iliyo wazi. Jiki haifai kabisa, maana hutoboa nikeli vijitundu. Waya wa kusugulia sufuria na jivu navyo vikae mbali.

Mara nyingi kazi huishia hapo, na inapaswa kuishia hapo. Kung'arisha hufuata tu ikiwa nikeli imefifia baada ya kuoshwa na kukaushwa. Tone dogo la dawa huwekwa kwenye kitambaa cha pamba, si kwenye kishikio, na mkono hupita kwa wepesi, hasa juu ya maneno na herufi zilizochongwa, kwa sababu ndizo zinazotambulisha umri wa chombo. Weusi unaotokea kwenye kitambaa una chembe za metali iliyong'oka. Kishikio kilichopakwa dhahabu hakisuguliwi kwa dawa hata kidogo. Utando wake ni mwembamba mno.

Shaba ikishatokeza, hakuna kusugua kutakakorudisha nikeli. Kinachobaki ni kuchovya: kishikio huning'inizwa ndani ya maji yaliyoyeyushwa chumvi ya nikeli na kupitishiwa umeme, nikeli ikajishika juu yake. Utando wa zamani huondolewa kwanza na shaba ikang'arishwa vizuri, kwa kuwa mkwaruzo ulioachwa chini huonekana hata juu ya utando mpya.